Buddha wa maandiko ya kale: kusoma tena kitabu cha Walpola Rahula

Kitabu tunachotaka kukichungua hapa si kipya. Walpola Rahula, mtawa wa dini ya Buddha, mzaliwa wa kisiwa cha Ceylon ambacho leo huitwa Sri Lanka, alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1959. Miaka miwili nyuma yake, ndiyo 1961, kilitoka Paris kwa Kifaransa, jina lake L'Enseignement du Bouddha, na wengi wetu tulikisoma katika Kifaransa hicho. Ni kitabu chembamba, chepesi, kisicho na maneno ya kujivuna. Tangu Mtaguso wa Vatikano ulipotoa mwaka 1965 tangazo lake juu ya dini zisizo za kikristu, mwanaseminari akija kuuliza Buddha alifundisha nini, tulimpa kitabu hiki, na kazi ikaisha.

Sasa twaona kama tulikuwa na haraka. Hatusemi kitabu kina uongo. Karibu kila neno lake mtu aweza kulitafuta katika maandiko ya Kipali, akalikuta. Shida iko pengine. Chini ya jina la Kifaransa wameongeza maneno machache, yanayosema kama mafundisho haya yametolewa katika maandiko ya kale kabisa. Msomaji akiona hivyo anatulia: basi, hapa nina chemchemi yenyewe, si mto uliochafuka njiani. Maneno hayo machache ndiyo twataka kuyapima. Ndani yake mna swali zima la ginsi dini ya Buddha ya siku hizi inavyokaa na mapokeo yake.

Kwanza tumpe mwandishi haki yake. Rahula alizaliwa mwaka 1907. Alijifunza katika nyumba za watawa kwa namna ya wazee, kisha akasoma katika chuo kikuu, akaandika historia ya dini ya Buddha pale Ceylon, kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1956. Alikwenda Paris, akafanya kazi pamoja na Paul Demiéville, mwalimu wa Collège de France, ambaye ndiye aliandika dibaji ya kitabu chetu. Mwaka 1964 akaitwa kufundisha katika chuo kikuu cha Northwestern, Marekani. Alikufa mwaka 1997. Si mtu wa kubahatisha. Alikuwa na elimu ya pande mbili, na zote mbili alizijua kwa kina.

Anamwonyesha Buddha kama mtu tu: si mungu, si nabii aliyetumwa, hakudai kupashwa habari na mbingu. Anaeleza zile kweli nne: maisha yana mateso, mateso yana chanzo, ndiyo tamaa, mateso yaweza kukoma, iko njia ya kuyakomesha. Kisha anafika kwenye fundisho gumu kupita yote, kwamba ndani ya mtu hamna nafsi ya kudumu. Hapo Rahula ni mwalimu kweli. Wataalamu wengine wa Ulaya waliandika kurasa nyingi wakitafuta mlango wa nyuma wa kurudishia nafsi hiyo. Yeye anaufunga mlango, anashika andiko moja moja, na hamwachi msomaji na shaka juu ya maana yake. Sura hiyo hatujaona nzuri kuishinda katika vitabu vya ukubwa huu.

Lakini tugeuze kurasa mpaka sura ya mwisho, ile juu ya dini hii na dunia ya leo. Pale Rahula anasema mtu anayefuata njia ya Buddha hana lazima ya kwenda hekaluni. Kutoa maua, kuwasha taa, kufukiza ubani mbele ya sanamu, ni desturi tu za heshima kwa Mwalimu aliyeonyesha njia. Halafu anaongeza, kwa upole sana, kwamba desturi hizo, ingawa si za lazima, zina faida kwa wale ambao akili na roho yao hazijaendelea mbele, zikiwasaidia polepole.

Tuliposoma maneno hayo mara ya kwanza tuliyapita. Safari hii tumesimama. Watu hao wasioendelea ni nani? Ni mama wa kijiji aliyeamka mbele ya jua apike wali, ili mtawa akipita na bakuli yake asirudi na njaa. Ni mzee aliyelipa mafuta ya taa usiku wa mwezi mpevu. Ni wale wanaozunguka mlima wa udongo na matofali, wakiamini kama mna masalio ya Buddha ndani, wakitafuta mastahili kwa ajili ya baba na mama waliokufa. Ukiwahesabu hao wote katika historia ya Ceylon, utakuta kama ni karibu watu wote. Na maandiko ya kale kabisa yalifika mikononi mwa Rahula kwa njia gani, kama si kwa wali wa watu hao?

Yeye mwenyewe alijua habari hii kutupita, maana historia ya kisiwa ndiyo kazi aliyoanza nayo. Kwa muda wa miaka mia kadhaa maneno ya Buddha hayakuandikwa. Yalishikwa kwa kichwa na kusemwa kwa pamoja. Katika karne ya kwanza mbele ya Kristu, wakati wa mfalme Vattagamani, vita na njaa kubwa vilipiga kisiwa. Vitabu vya maelezo vinasimulia ginsi watawa wengine walivyokula mizizi na majani, na walipokosa nguvu ya kukaa wima walilala juu ya mchanga, wakaendelea kurudilia maneno wasiyasahau. Hatari hiyo ndiyo iliwafanya waandike yote, na mapokeo yanataja Aluvihara, karibu na Matale, kuwa mahali pa kazi hiyo. Na njaa ilipokwisha wakabishana: msingi wa dini ni nini, kuishi kama Mwalimu alivyoagiza, ama kushika maneno yake? Walioshinda ni wale wa kushika maneno. Ndiyo kusema, hata jambo la kuwa na maandiko ni shauri lililokatwa na wazee wa mapokeo, katika siku ya taabu, kwa sababu zao wenyewe.

Basi anayesema "mimi naruka mapokeo, narudi kwa maandiko" anaruka juu ya tawi lililoshikwa na mti uleule. Tena si maneno matupu. Maandiko hayohayo ya kale yamejaa miungu wanaokuja usiku kumsalimu Buddha, yamejaa watu wanaozaliwa tena motoni ao mbinguni kadiri ya matendo yao, na ndani yake imo hadisi ya kugawa masalio ya Buddha sehemu nane na kuyajengea. Kuzaliwa tena Rahula hakukuficha. Anakueleza vizuri, akitumia mfano wa mwali wa moto. Lakini miungu na masalio vimerudi nyuma kabisa, mahali pa giza. Havikutolewa kwa sababu si vya kale. Vimeachwa nje kwa sababu msomaji wa Paris asingevipenda. Kipimo cha kuchagua hakikutoka ndani ya maandiko; kilitoka kwa msomaji.

Mtu atatujibu: je, si Buddha mwenyewe aliyewaambia Wakalama wasikubali neno kwa sababu ni la mapokeo, wala kwa sababu limeandikwa? Hotuba hiyo imekuwa kama bendera ya Wabuddha wa siku hizi. Rahula anaiweka katika sura ya kwanza, na tangu hapo inatajwa popote. Lakini wengi wanaoitaja hawafiki mwisho wake. Hotuba yenyewe, inapotoa alama za kutambua jambo baya, inaweka pia alama hii: kwamba wenye hekima wanalilaumu. Maana yake Mkalama hapimi peke yake kama mnunuzi sokoni. Anatazama pia wale waliomtangulia katika wema. Na Wakalama wenyewe walikuwa bado wageni, wakichanganywa na walimu wengi waliopita katika mji wao, kila mmoja akizarau mwenzake. Hotuba inawakuta mlangoni. Mwishoni wanaingia ndani na kukimbilia kwa Buddha, kwa fundisho lake na kwa shirika la watawa wake. Mtu asichukue maneno ya mlangoni akayafanya kuwa nyumba nzima.

Sura ya kutafakari yataka neno lake pia. Mwenye kuisoma peke yake ataweza kuzani kama tangu zamani za wafalme kila mkulima wa Ceylon, akitoka shambani, alikaa kimya na kuangalia pumzi yake. Haikuwa hivyo. Kutafakari kwa namna hiyo kulikuwa kazi ya watawa wachache, na walei walishika amri tano, walitoa sadaka, walisikiliza mahubiri. Waliofungulia walei mlango huu kwa wingi ni Waburma. Mfalme Mindon alikuwa amechora maandiko yote juu ya mawe 729 ya marmari pale Mandalay, ili yasipotee. Mwaka 1885 Waingereza waliteka mji huo, ufalme ukaisha, na watu wakaogopa: nani atachunga dini sasa? Mtawa Ledi Sayadaw, aliyekufa mwaka 1923, alijibu kwa kuwafundisha walei mambo ambayo mbele yake yalikuwa ya watawa, apate walinzi wengi fasi ya mlinzi mmoja. Nyuma yake akatokea Mahasi Sayadaw, aliyeanza mwaka 1949 kufundisha katika nyumba ya kutafakari ya Rangoon, na kutoka pale namna yake ikaenea mpaka Ceylon, Ulaya na Marekani. Twaona ni kazi ya ajabu, na ya ushujaa. Lakini ni jibu la watu waliopoteza mfalme. Kulivika nguo ya miaka elfu mbili ni kuwanyima sifa yao wale waliolibuni.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tukamate kalamu. Rahula ana kitabu kingine, ambacho wasomaji wa kile cha kwanza hawakijui. Kilitoka kwa Kisinhala mwaka 1946, na jina lake, Bhikshuvage Urumaya, lina maana ya "Urisi wa mtawa". Kwa Kiingereza kilichelewa hata mwaka 1974. Ulikuwa wakati wa moto. Uhuru ulikuwa karibu (Waingereza walitoa uhuru mwaka 1948), na watu walibishana kama mtawa ana ruhusa ya kuingia katika mambo ya siasa. Walimu wa chuo cha watawa cha Vidyalankara, na Rahula kati yao, walitangaza mwaka huohuo wa 1946 kwamba ruhusa iko. Katika kitabu chake Rahula anaeleza kama mtawa wa zamani alikuwa mshauri wa wafalme na mwalimu wa taifa. Kama leo amebaki mtu wa kuimba maneno kwenye maziko na kungoja chakula, sababu ni utawala wa wageni na misioni zao waliomnyang'anya kazi yake.

Ona basi mahali anapochimba safari hii! Si katika hotuba za Buddha, bali katika Mahavamsa, kitabu cha habari za wafalme kilichotungwa na watawa yapata karne ya tano ao ya sita. Kinasimulia juu ya mfalme Dutthagamani, aliyepigana na mfalme Mtamili Elara katika karne ya pili mbele ya Kristu. Mfalme huyo alitia masalio ya Buddha katika mkuki wake, akaomba watawa wafuatane na jeshi lake. Alipokwisha kushinda moyo ukamuuma kwa ajili ya watu wengi aliowaua. Wakaja watawa watakatifu 8 kumtuliza: kati ya waliouawa, wakasema, waliohesabika kuwa watu ni mmoja na nusu tu, mmoja alikuwa amekimbilia kwa Buddha, kwa fundisho na kwa shirika, wa pili alikuwa ameshika amri tano. Wengine walikuwa sawa na nyama wa pori.

Hatumwekei Rahula mzigo wa maneno ya watawa wale 8. Lakini tazama mtu mmoja na mapokeo yake mawili. Kwa Wasinhala wenzake, waliotafuta inchi yao, mapokeo ni wafalme, masalio, shirika lenye nguvu katika taifa. Kwa wasomaji wa Ulaya, waliochoka na dini zao, mapokeo ni hotuba za kale, bila mfalme, bila masalio, karibu bila hekalu. Na katika kitabu cha Ulaya anaandika kwa furaha kwamba dini hii haikumwaga damu ili kupata waamini, akimsifu mfalme Asoka aliyeacha vita. Kila mara anasema kweli. Kila mara pia anachukua kwenye gala lilelile kile kinachohitajiwa na mgeni aliye mbele yake, na mgeni wa kwanza hajui kama kuna mgeni wa pili.

Kwamba si jambo dogo, miaka iliyofuata ilionyesha. Mwaka 1956 watawa wengi walimpigania S. W. R. D. Bandaranaike katika uchaguzi, akashinda, na Kisinhala kikafanywa luga ya serikali peke yake, Watamili wakaachwa pembeni. Tarehe 25 Septemba 1959, mwaka uleule kitabu cha Rahula kilipotoka, mtawa mmoja alimpiga Bandaranaike risasi, akafa kesho yake. Rahula hakuwa na neno katika mauaji hayo. Kisha vita ya wenyewe kwa wenyewe ikawaka tangu 1983 mpaka 2009. Mwaka 2004 chama kilichosimamisha watawa kugombea viti kiliingiza watawa 9 katika bunge. Chama hicho kilikataa kugawia Watamili sehemu ya utawala. Jina lake lilikuwa Jathika Hela Urumaya. Ni neno lilelile: urumaya, urisi. Msomaji wa Paris, mwenye kitabu chembamba mkononi, akisikia habari hizi katika redio alisema: hawa si Wabuddha wa kweli, wameacha mafundisho. Tulisema hivyo sisi wenyewe. Hatukujua kama walimu wa vitabu vyote viwili ni mwalimu mmoja.

Wako wataalamu waliotoa jina kwa dini hii mpya. Gananath Obeyesekere, mwana wa Sri Lanka, aliiita mwaka 1970 "Ubuddha wa kiprotestanti", kwa maana mbili: ilizaliwa katika kupingana na wamisionari Waprotestanti, na katika kupingana nao ilichukua sura yao: kila mtu na andiko lake, mlei sawa na mtawa, sherehe zikitazamwa kwa mashaka. Mifano haikosi. Mwaka 1873 pale Panadura mtawa Gunananda alibishana na wahubiri mbele ya maelfu ya watu. Mwaka 1880 akafika Henry Steel Olcott, Mmarekani, aliyekuwa kolonel, na mwaka 1881 akatoa Katekisimu ya Kibuddha, kwa maswali na majibu. Sisi tuliokua na katekisimu mkononi twajua kitabu cha namna hiyo kinafanya nini: kinafundisha mtu kuona dini kuwa orodha ya mambo ya kujibu.

Hata hivyo jina la Obeyesekere twaona ni rahisi mno, likisemwa na watu wenye haraka. Linaweza kumfanya mtu azani kama Wasinhala walikuwa udongo laini, wakafinyangwa na wageni. Gunananda hakuomba silaha kwa mtu. Na katekisimu ya Olcott haikutoka bila kibali cha Hikkaduwe Sumangala, mtawa mwenye elimu kuwapita wengi, mkuu wa chuo cha Vidyodaya. Wazee hao walijua wanatumia chombo cha nani, na kwa kazi gani. Rahula ni mtoto wao. Lawama yetu si kwamba alipokea kitu kutoka ugenini. Dini gani haikupokea? Lawama ni kwamba hakusema.

Ndiyo maana tulisoma kando yake kitabu cha mtu mwingine kabisa. B. R. Ambedkar, mwana wa tabaka waliloliita lisiloguswa, waziri wa kwanza wa sheria wa India huru, alitangaza kwamba amezaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu. Tarehe 14 Oktoba 1956, pale Nagpur, aliingia dini ya Buddha, na mamia ya maelfu ya watu wake pamoja naye. Tarehe 6 Desemba alikufa. Kitabu chake, The Buddha and His Dhamma, kilitoka mwaka 1957.

Mtaalamu wa Kipali akikisoma atashika kichwa. Ambedkar anakataa habari ya Buddha kuondoka nyumbani kwa kuona mzee, mgonjwa na maiti: je, mtu wa miaka 29 hajapata kuona maiti? Yeye anasema chanzo kilikuwa ugomvi wa makabila mawili juu ya maji ya mto Rohini. Zile kweli nne, ambazo kwa Rahula ndizo moyo wa yote, Ambedkar anauliza kama hazikuongezwa na watawa baadaye, maana zinamwambia maskini kwamba mateso ndiyo maisha yenyewe. Fundisho la kuvuna katika maisha haya matendo ya maisha yaliyopita hawezi kulipokea vile. Ndilo walilotumia kumwambia mtu wa tabaka lake kwamba ufagio wake ni mshahara wa zambi zake za zamani. Na kipimo chake anakitaja wazi: Buddha alikuwa mtu wa akili, basi neno linalokubalika kwa akili lihesabiwe kuwa lake.

Kwa elimu ya maandiko, Rahula anamshinda mbali sana. Kwa ukweli juu ya kazi anayoifanya, twampa Ambedkar nafasi ya mbele. Anachagua, na anasema anachagua. Anaonyesha kisu, anaonyesha nyama aliyoikata, anaeleza kwa nini. Msomaji aweza kumkatalia. Kumkatalia Rahula ni kazi ngumu, kwa sababu utaonekana unamkatalia Buddha.

Tena kuna jambo moja la siku ile ya Nagpur ambalo kitabu chake hakituandai kulikuta. Ambedkar, aliyewatilia watawa mashaka makubwa, hakujiingiza mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya mtawa mzee kutoka Burma, Chandramani, akapokea kwake maneno matatu ya kukimbilia kwa Buddha, kwa fundisho na kwa shirika. Baada ya hapo aligeuka akayapitisha mwenyewe kwa watu wake, pamoja na viapo 22 alivyovitunga yeye. Angeweza kusoma maneno hayo katika kitabu. Aliyajua kwa kichwa. Alitaka yatoke kinywani mwa mtu aliyeyapokea kwa mtu.

Hapo, kwa maoni yetu, ndipo mapokeo ya dini hii yanapoonekana kuliko katika sura nane za Rahula. Katika karne ya 18 ukoo wa watawa kamili ulikuwa umekatika Ceylon. Vitabu vilikuwapo, kanuni zote zimeandikwa, na alikuwapo mtu mwenye bidii, Saranamkara, aliyezijua. Hawakujifanya watawa kwa kitabu. Mfalme Kirti Sri alituma watu Siam, wakapita baharini kwa hatari, na mwaka 1753 mtawa Upali akaja na wenzake kurudisha upadrisho, kama tungesema sisi. Kweli, upande mwingine wa habari hiyo ni wa aibu: muda si mrefu ukoo huo ukafungiwa tabaka la juu peke yake, na watu wa tabaka nyingine wakalazimika kwenda Burma kutafuta wao. Mapokeo hubeba maji na matope pamoja. Mtu wa chemchemi tu hataona matope, wala hataelewa kiu ya wale waliovuka bahari.

Na swali hili halikuzikwa na wazee. Ukoo wa watawa wanawake ulikatika Sri Lanka yapata karne ya 11, na kwa miaka karibu elfu moja mwanamke aliyetaka utawa aliishia kuvaa nguo ya rangi nyingine na kushika amri 10, bila kuhesabiwa kamili. Mwezi wa Desemba 1996, pale Sarnath katika India, wanawake 10 wa Sri Lanka walipokea utawa kamili, wakisaidiwa na watawa wanawake wa Korea. Mwaka 1998 wengine wakafuata Bodh Gaya, na mwaka huohuo ibada ikafanywa Dambulla, katika inchi yao wenyewe, mara ya kwanza tangu karne zile. Wazee wengi wa shirika hawakukubali. Wanasema: kanuni inataka mwanamke apadrishwe na mashirika mawili, la wanawake na la wanaume, la wanawake wa ukoo wetu limekufa, na wale Wakorea ni wa ukoo mwingine. Katika Thailandi tangazo la mwaka 1928 linawakataza watawa kumpadrisha mwanamke, na bado linashikwa.

Tuangalie wanawake hao wanajibu nini, maana jibu lao limetufundisha kuliko vitabu viwili tulivyochambua. Hawakusema mapokeo ni ya watu wasioendelea. Hawakusema Buddha alikuwa mtu wa akili, na akili yatosha. Walifungua kanuni yenyewe, pamoja na watawa wanaume wenye elimu waliowaunga mkono, kama Bhikkhu Bodhi wa Marekani na Analayo wa Ujeremani, wakaonyesha kama iko ruhusa ya zamani, ya Buddha kwa wanaume peke yao kupadrisha wanawake, na kwamba hakuifuta kwa maneno waziwazi. Kisha wakafungua historia: katika karne ya tano watawa wanawake wa kisiwa chao walipanda meli mpaka China, wakawapa wanawake wa kule upadrisho, na ukoo huo ndio ulioendelea Korea na Taiwani. Wakorea waliokuja Sarnath hawakuleta kitu cha kigeni, walisema; walirudisha deni.

Je, hoja hiyo ina nguvu ya kutosha? Upande wa historia twaona ni nzito. Upande wa kanuni wazee nao wana neno, kwa maana Wakorea na Wachina wanashika kanuni ya shule nyingine, iliyotengana na ile ya Ceylon zamani sana. Lakini pande zote mbili zinabishana juu ya kitu kimoja, kwa vitabu vilevile, na kila upande unajua unampinga nani. Rahula, angekuwa hai, angeweza kukaa kati yao akakata shauri kwa elimu yake ya kanuni, maana hakuna neno la ubishi huo asilolijua. Katika kitabu alichotuachia hatuwezi kuona hata kwamba watu wangeweza kubishana hivyo.